Tende za Sitti na Vidonge Ulivyoviacha, Mama

Malaz, Riyadh
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Pokea na ile ya Ijumaa pia, maana uliiacha hewani ukakata simu kabla hujaiitikia.

U hali gani, Mama? Na mguu wa kushoto u hali gani? Kidonda kimekauka au bado kinatoa maji? Tangu juzi mdogo wangu Mwajuma ananiandikia maneno mawili tu, "anaendelea vizuri," lakini najua anaandika wewe ukiwa umemkalia pembeni. Kwa hiyo safari hii sikuulizi wewe wala yeye. Nauliza mguu wenyewe, na huko mbele utaona nitakavyoujibisha.

Sisi huku ni wazima, tena wazima wa kupindukia. Miezi mitano ya ndoa, na bado nikisikia ufunguo wa Idrisa mlangoni natupa mwiko nakimbilia kioo. Mama, mume uliyenipa dua nimpate, nimempata! Akitoka maabara, hata kama siku nzima amepima damu za watu mpaka macho mekundu, hakosi kuniletea kitu: chungwa moja, ua la plastiki, juzi kaniletea kifungo cha bluu alichokiokota njiani kwa sababu kinafanana na gauni langu la ngoma ya mkole, kabla ya harusi. Na wiki iliyopita amenipeleka sinema. Sinema, Riyadh! Wanawake na wanaume ukumbi mmoja, nimemwegemea mume wangu, bisi mapajani, na nje wanawake wanapanda magari yao wanayaendesha wenyewe. Nikakumbuka mahujaji wa mtaani kwetu walivyotusimulia nchi hii zamani, nikasema kweli, huu ndio mshtuko wangu wa mwaka.

Sikujua, Mama. Mshtuko ulikuwa unaningoja Jeddah, ndani ya friji.

Barua hii anakuletea Bwana Shomari, muuguzi anayefanya kazi na Idrisa, mtu wa Muheza, anayeondoka kesho kwa likizo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani, mimi nalia, wewe unakasirika. Karatasi itakungoja mpaka hasira ishuke. Mpe Mwajuma aisome kwa sauti, wala asiruke mahali hata nikijisema vibaya.

Unakumbuka miezi yetu miwili ya mwanzo, Idrisa alipopelekwa kusaidia Jeddah kabla hatujahamia huku? Tulipanga chumba cha nje katika nyumba ya familia moja mtaa wa Al-Safa. Nilikusimulia juu ya bibi wa nyumba ile, ambaye wajukuu humwita Sitti, yaani bibi, nasi tukafuata. Mzee sana, mgongo umenyooka kama mwiko, anasali kwa kusimama, anacheka mpaka kahawa inamwagika. Kila asubuhi saa nne alituma niitwe majlisi, sebule yao ya wageni. Naingia, namkuta ameshakaa, amejifukiza udi, mbele yake sahani ya tende na bakuli la maziwa ya ngamia. Siku moja nikamuuliza, kwa Kiarabu changu cha chuoni, nini siri ya afya yake. Akanyanyua tende moja, akanyanyua bakuli, akasema, "Hii na haya, mwanangu."

Mama, nilichanganyikiwa kwa furaha. Nikaona Mungu hakunileta kwa bahati, amenileta nichukue dawa ya mama yangu. Siku ile ile nikakutumia ule ujumbe mrefu wa sauti. Mama Mdogo Rukia alipopita Jeddah akirudi kutoka umra nikampa lile boksi la tende na unga wa maziwa ya ngamia, na neno langu juu yake: weka vidonge pembeni, mwanamke wa miaka themanini na zaidi huku haishi kwa vidonge. Nilisema hivyo. Wewe hukubuni kitu.

Na Idrisa sikumwambia. Nilitaka iwe zawadi: siku moja nimwambie, mume wangu, wewe unapima sukari za watu, mimi nimeiponya ya mama yangu. Ungeniona nilivyokuwa najisifu peke yangu jikoni!

Ajabu ni kwamba Idrisa huyo huyo ndiye aliyekuwa ananifundisha kila siku nisifanye kosa hilo. Tuna mchezo wetu mezani. Ulianza pale shati lake la harusi lilipokataa kufunga vifungo. Nilifurahi sana, maana somo yangu aliniusia kwamba mume akirudi likizo mwembamba, aibu ni ya mke. Nikampigapiga tumbo, nikasema, "Umenenepa, basi una afya. Una afya, basi unanipenda." Akacheka mpaka akapaliwa na wali.

"Umeruka mara mbili, Hawa," akasema.

"Nimeruka nini?"

"Sisi kwetu Amani, kule milimani, tunavuka kijito kwa kukanyaga mawe. Wewe umenionyesha jiwe la huku na jiwe la kule. Katikati palikuwa na jiwe hukulitaja, umelirukia tu. Hebu litaje kwa sauti, tulikanyage tuone kama ni jiwe au ni povu."

Nikafikiri. Jiwe lenyewe lilikuwa hili: kila mnene ni mzima. Nilipolitaja nikamkumbuka marehemu shangazi alivyokuwa akihema kupanda ngazi. La pili nalo: kila anayekula sana anampenda mpishi. "Hilo la pili," akasema Idrisa, "kwa leo liache, bahati yako ni kweli."

Basi toka siku ile ikawa ndiyo michezo yetu. Muuza asali sokoni akisema asali yake haina madhara kwa kuwa haikuchanganywa kitu, tunatazamana: karuka! Jirani akisema tumbo lake limepoa kwa sababu amekunywa tangawizi, wakati pia ameacha pilipili, tunabanana viwiko. Nilikuwa hodari, Mama. Nilikuwa namkamata hata yeye. Ya kwangu sikuiona.

Alhamisi tulipata mapumziko, tukapanda ndege kwenda Jeddah kumwamkia Sitti. Binti yake, Madam Hind, alitupokea uwanja wa ndege, yeye mwenyewe kwenye usukani na miwani ya jua, anapiga honi kuliko madereva wote. Tukalala kile chumba chetu cha zamani. Asubuhi ya Ijumaa nikaamka mapema, nikasema leo niwakaangie mahamri ya Tanga. Ndiyo mara ya kwanza kuingia nyumba ile kwa mlango wa jikoni. Siku zote nilikuwa naingilia mbele, nakaribishwa majlisi, natoka nilikoingilia. Ndio utaratibu wao, mgeni hapiti vyumba vya ndani.

Jikoni nikamkuta Nekesa, dada wa kazi wa pale, Mkenya wa Bungoma, mwenye utani usioisha.

"Ehe, bibi arusi! Mapema hivi, kwani mzee amekufukuza kitandani?"

"Nimekuja kukanda mahamri."

"Kanda, kanda. Lakini ukimaliza uoshe hiyo karai, mimi si shemeji yako."

Nikatia mikono katika unga. Yeye akafungua friji. Palikuwa na chupa ya maziwa ya ngamia, na kando yake kisanduku. Akatoa kitu kama kalamu nene, akakizungusha nyuma huku akihesabu kwa midomo.

"Nekesa, ni nini hicho?"

"Dawa ya Sitti. Insulini."

"Ya nini?"

"Ya nini tena? Ya sukari! Kwani hukujua Sitti ako na sukari? Mimi nimekuja hii nyumba nikaikuta."

"Lakini Sitti anakula tende!"

"Tatu. Madam anazihesabu na mkono wake. Kwanza tunapima kidole, halafu nadunga, halafu ndio anakula. Asubuhi na jioni. Na hizo zingine kwa sahani ni zenu wageni."

"Mbona mimi sijawahi kuona?"

"Utaona aje, na wewe ulikuwa unaitwa saa nne, sindano ni kabla? Unataka mzee wa watu afunue tumbo majlisi, mbele ya kahawa? Wacha mchezo."

Mama, mikono yangu ilikuwa ndani ya unga mpaka viwiko na niliisahau humo. Nilichoweza kuona mbele yangu ni boksi la tende juu ya kabati lako, na pale lilipokaa, ndipo palipokuwa na pakiti ya vidonge. Mimi niliyefaulu Baiolojia kidato cha nne! Nilikuwa nimeona kinachoingia mdomoni kwa Sitti, nikaapa kwamba hakuna kingine kinachoingia mwilini mwake. Hilo ndilo jiwe nililoliruka, na wewe ndiye niliyekuvusha nalo.

Nikamfuata Nekesa mpaka chumbani kwa Sitti, na unga wangu, bila hata hodi.

"Sitti, uliniambia siri ni tende na maziwa!"

"Ndiyo."

"Na sindano?"

"Hukuniuliza sindano," akasema, akacheka kile kicheko chake. "Uliuliza kitu kizuri, nikakujibu kwa kitu kizuri. Nani anazungumza sindano kwenye kahawa?"

Nikamweleza habari zako. Nekesa alinisaidia Kiarabu kilipoishia. Kicheko kikakauka usoni kwa Sitti kama maji kwenye kikaango. "Mama yako ameacha dawa kwa sababu ya maneno yangu ya kahawa?" Akaushika mkono wangu na unga wake wote. "Mpigie. Yalla! Sasa hivi, kabla hata mimi sijala."

Ndiyo simu ile ya Ijumaa. Wewe ulidhani nimekurupuka, kumbe nilikuwa nimesimama kwenye zulia la Sitti, naye kanikodolea macho. Na uliyonijibu bado ninayo kichwani neno kwa neno: "Mwezi ule Hawa wa tende, mwezi huu Hawa wa vidonge. Nimsikilize Hawa yupi?" Ukasema na mguu wako zamani ulikuwa unawaka moto, sasa kimya, na kama huko si kupona ni nini. Kisha nikasikia Mwajuma anapiga kelele nyuma yako: "Dada, muulize sindano ya kushonea kofia! Ilikaa unyayoni mwake tangu asubuhi mpaka magharibi, mimi ndiye niliyeiona akitawadha!" Halafu simu ikakatika.

Nikatoka mbio kumtafuta Idrisa.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za kile chumba, anakunywa chai. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, nikingoja anigombeze. Nilitamani anigombeze. Akaweka kikombe chini, akasema, "Mimi ndiye niliyeruka kwanza. Nilijua mama ana kisukari. Kila wiki tulimpigia, akacheka, nikasema mtu anayecheka hivi anameza dawa zake. Sikuuliza hata siku moja." Akanifuta unga mashavuni kwa kanzu yake ya Ijumaa. Mama, nampenda mtu huyu mpaka naogopa.

Ndipo aliponieleza habari ya mguu, nami nakueleza kama alivyonieleza. Ulisema: hauumi, basi umepona. Jiwe lililorukwa hapo ni kwamba kila kisichouma ni kizima. Lakini sukari ikikaa juu siku nyingi inaua hisia za miguu. Kwanza unawaka moto, kisha unanyamaza, na ule ukimya ndio wa kutisha kuliko moto. Mwenye mguu mzima akichomwa na sindano anaruka. Wewe uliketi nayo ukashona kofia nzima.

Kwa hiyo fanya hivi sasa hivi, kabla Mwajuma hajaendelea kusoma. Fumba macho. Mwajuma, chukua pamba kidogo, mguse Mama vidole vya miguu kimoja kimoja, taratibu, bila kumwambia. Mama, kila unapoguswa useme "hapo." Usimdanganye mtoto, na wewe Mwajuma usimwonee huruma. Kama mguu umejibu vidole vyote kumi, nikasirikie utakavyo. Kama kuna kidole kilichoguswa nawe ukakaa kimya, basi nimeuliza, na mguu umenijibu.

Nimengoja. Tuendelee.

Najua bado una maneno. Utasema Mzee Kombo alikunywa vidonge miaka na miaka na mwisho walimkata mguu, kwa hiyo vidonge ndivyo vinavyokata miguu. Nami nililiamini hilo nikiwa nyumbani, mtaa mzima tuliliamini. Lakini nani aliuona mguu wa Mzee Kombo kabla ya vidonge? Nani alihesabu siku alizoviacha ili anywe kikombe cha dawa ya mizizi? Tuliona pakiti dirishani kwake tukasema anameza. Ni majlisi ile ile, Mama. Tumekaa sebuleni kwa mtu tukadhani tumeiona nyumba.

Na utasema, sauti yako naisikia, tende ni chakula cha baraka, vipi kitu cha baraka kimdhuru muumini? Sibishani na baraka. Lakini Sitti amezaliwa katika nchi hii ya tende, anasali kuliko mimi, naye anakula tatu, zilizohesabiwa, juu ya dawa. Hakuna aliyemwambia achague. Mimi ndiye niliyekuchagulia, kwa ujinga wa furaha.

Sasa nikuambie linaloniumiza zaidi. Mwajuma aliponiandikia usiku wa Ijumaa, aliniambia kwamba kwenye baraza mnaposhona kofia umekuwa ukiwaambia wenzio, "Mwanangu ameniponya kutoka Arabuni." Na kwamba Bi Mize, jirani yetu mwenye sukari kama yako, naye ameviweka vidonge vyake pembeni wiki tatu sasa, anakuomba tende zako mbili mbili. Niliposoma hivyo nikajua kwa nini ulikata simu. Si kwamba huamini. Ni kwamba ukirudi kumeza, itabidi uwaambie watu mwanao amekosea, na wewe hujawahi kunianika mbele za watu tangu nizaliwe.

Mama, nianike. Naomba barua hii isomwe kwenye baraza, wote wakiwepo na sindano zao mkononi. Isomwe mbele ya Bi Mize. Wacheke. Waseme mwali wa Riyadh, mke wa mtu wa maabara, hakujua hata kuangalia ndani ya friji. Nitakuja likizo wanichekee usoni, nitacheka nao. Aibu yangu itaisha kwa vikombe viwili vya chai. Mguu ukienda haurudi.

Katika mfuko aliobeba Bwana Shomari kuna kipimo cha sukari, na viatu laini vya kufunika vidole, rangi ya zambarau uipendayo. Kipimo ni chenu wawili, wewe na Bi Mize, Shomari atamwonyesha Mwajuma namna ya kukitumia. Viatu ni vyako peke yako, uvivae hata ndani, hasa pale mnaposhonea. Lakini kipimo si dawa, na viatu si dawa. Kesho yake asubuhi Shomari atakupitia akupeleke zahanati, ameniahidi, na kidonda wakione. Waambie ukweli wote: lini uliacha, ulikula nini badala yake, na nani alikutuma. Nitaje jina. Usianze vidonge vya zamani kwa makisio yako, wao ndio watakaosema umeze vipi sasa. Na Idrisa amesema: kila jioni Mwajuma atazame nyayo zako kwa macho yake, hata ukimwambia haziumi.

Nisalimie sana Baba Mdogo aliyeniozesha, mwambie tumbo la mkwe wake tunalipunguza sasa, asije akadhani nimemnyima chakula. Nisalimie Mama Mdogo Rukia, aliyebeba lile boksi kwa nia njema, asijilaumu. Nisalimie mama mkwe wangu kule Amani atakapokuja gulioni, na somo yangu, ambaye nitamletea ubishi mrefu kuhusu waume wembamba. Bi Mize mbusu mikono kwa niaba yangu, umwambie namwomba radhi kabla sijamwomba yeye mwenyewe. Sitti anakusalimu. Amesema yeye hudungwa saa tatu, na kwamba kila akidungwa sasa atasema jina lako. Idrisa anakuamkia, amesimama hapa nyuma yangu ananipigapiga bega nimalize, Shomari yuko mlangoni.

Jambo moja la mwisho, Mama. Ukirudi zahanati na kuanza tena, utanipigia, najua. Usiniambie umepona. Neno hilo limetuponza. Niambie tu, "Hawa, nimemeza." Mimi sitaruka kwenda mbele zaidi ya hapo.

Mwanao anayekupenda, aliyekukosea,
Hawa